Uzi Mwekundu

"Baba yako ndiye aliyeiua hii mashine," baba mdogo alisema mbele ya mafundi wote. "Viraka juu ya viraka! Leo inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yaishe."

Mashine ile kuukuu ya kuchonga vyuma ilikuwa imejizima kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na kabati lake la umeme lilikuwa la moto hata kiganja hakikuweza kutulia juu yake. Binti aliiwasha tena.

"Nani amekuruhusu?"

Feni ya kabati ikaanza kunguruma. Juu ya kabati, kwenye tundu la kutolea joto, palikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Marehemu baba yake aliufunga mwenyewe, na kila asubuhi aliutazama kabla ya kugusa kitu chochote. Uzi ukipepea kuja nje, alizoea kumwambia bintiye, ujue mashine inapumua.

Sasa uzi ulikuwa umenyonywa ndani, umeng'ang'ania wavu kama umegundishwa.

"Feni hii aliifunga nani?"

"Mimi. Wiki moja baada ya mazishi, tena mpya kabisa. Ulitaka nije kukuomba ruhusa, bibi mkubwa?"

"Umeifunga kinyume, baba mdogo. Joto halina pa kutokea. Tazama uzi."

Fundi mmoja alikohoa. Wengine wakasogea karibu, wakachungulia.

Baba mdogo akanyoosha mkono, akaukwanyua ule uzi, akautia mfukoni.

"Uzi gani?" aliuliza, akiwageukia mafundi mmoja mmoja.