Mkaa wa Bwana Fuko

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakipikia mkaa, hapakuwa na mwenye haya kumshinda Bi Pimbi. Tangu aolewe alinunua mkaa kwa jirani yake, Bwana Fuko. Bei ikapanda, ikapanda tena, na yeye akalipa huku akisema asante. Mwishowe akawa anaipua maharage kabla hayajaiva, watoto wakayatafuna kama karanga.

"Ng'ambo ya mtaro Nguchiro anauza nusu ya bei," mumewe akamwambia. "Hamia kule."

"Nitamtazamaje Bwana Fuko? Juzi tu kaniulizia hali ya mama!"

"Basi weka hizo salamu jikoni, tuone kama zitawaka."

Asubuhi Bi Pimbi akaficha debe ndani ya kanga, akapita uani, na chini ya dirisha la Fuko akainama kabisa asionekane, ingawa mtaa mzima ulijua kwamba Fuko haoni.

Kwa Nguchiro akakuta foleni. Mbele yake alisimama mama mmoja aliyejitanda kanga hadi puani. Yule mama akanusa, akageuka. Kumbe ni mke wa Bwana Fuko, debe mkononi!

Bi Pimbi akawahi kuona aibu, kama kawaida yake. "Nisamehe, shoga. Nilikuwa napita tu."

"Panga foleni, shoga, usiogope," akanong'ona Bi Fuko. "Ule wa mume wangu ni wa kuuza. Sisi wenyewe tutauweza wapi?"