Mayai ya Kanga na Hakimu Mpya

Mji wa wanyama ulipokosa hakimu, waombaji wawili wa kazi hiyo, Jogoo na Nungunungu, walijaribiwa kwa kesi moja. Kanga alilia kwamba Bata ameyakalia mayai yake.

"Mayai ni ya anayeyaatamia!" aliwika Jogoo, na mji mzima ukashangilia.

Nungunungu, mpole wa maneno, aliuliza, "Mama Kanga, mayai yako yakoje?"

"Yana madoadoa, baba."

"Dada Bata, hebu inuka kidogo."

Bata aliinuka, madoadoa yakaonekana, Kanga akarudishiwa mayai yake, na Nungunungu akapewa kiti cha hakimu.

Vifaranga walipoanguliwa, Kanga aliwaleta barazani kumshukuru hakimu.

"Anzeni kwa Bata," alisema Nungunungu. "Si ndiye aliyewatia joto wiki mbili?"

Kanga aliona haya, akawapeleka. "Wanangu," alisema, "msalimuni mama mkubwa."