Hondohondo Atafuta Jina la Vita

Hebu fikirini kichuguu kimoja chenye ukoo mmoja wa nguchiro. Wa mlango wa juu wanang'atana na wa mlango wa chini, wakigombea ukubwa. Mtini ametua Hondohondo, mtangazaji wa pori, akitafuta neno la kuuita ugomvi huo.

"Tangaza kuwa ni vita, kaka," mama nguchiro alimwomba, wanawe wakimng'ang'ania. "Nungunungu hupokea wakimbizi wa vita tu."

"Taratibu, dada. Vita ni neno zito. Kwa sasa tuseme ni kutoelewana."

Akatangaza hivyo, na Nungunungu akafunga mlango wake.

Hondohondo akashuka kuwatazama majeruhi kwa karibu, apate neno sahihi zaidi. Kila upande ulimdhania mpelelezi wa wenzao, wakamnyonyoa mkia kwa pamoja. Hilo ndilo jambo pekee waliloelewana siku ile.

Akakimbilia kwa Nungunungu. "Nifungulie, ndugu yangu, ni vita."

"Pole, bwana," Nungunungu alijibu kutoka ndani. "Tangazo lako nimelisikia. Ni kutoelewana tu."

Pale nje ya mlango, mama nguchiro, aliyefungiwa naye, alimsogezea nafasi kati ya wanawe.

Basi wanangu, mkiulizwa ugomvi uitweje, kumbukeni kumwuliza kwanza anayeng'atwa.