Koti la Mondo

Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini Mondo, paka wa porini, hakupiga hodi jioni ile.

Koti lake la zamani lilikuwa la majani makavu ya mgomba. Lilizuia mvua ya kipupwe, lakini mchakacho wake uliwatorosha panya. Mama yake kipofu aliupenda mchakacho huo. Akiusikia tu mlangoni husema, "Karibu, mwanangu," hata kabla ya hodi.

Mondo akaenda kwa Mnana, ndege fundi wa kushona. "Nataka koti lisilopitisha maji wala kupiga kelele."

Mnana akamshonea la manyoya ya bata. "Hili, kaka, hata kivuli chako hakitakusikia!"

Siku hiyo Mondo alikamata panya watatu. Akarudi amechoka, akampita mama yake kimya, akalala. Mama alingoja mchakacho. Baridi ilipozidi, akatoka nje kwenye mvua kumtafuta mwanawe.

Asubuhi majirani walimkuta mtoni, amekufa.

Baada ya maziko iliamuliwa kila mlango wa mwindaji utundikwe majani makavu, ayaguse aingiapo. Mondo ndiye aliyelichana koti lake la zamani na kuyatundika, akianzia kwake, ambako hakukuwa tena na wa kuyasikia.