Bundi wa Mkumbi

Umatengo mtu mwenye akili zake hambebi bundi. Mzee Bartholomayo alimbeba, kutoka Mkumbi mpaka Mbinga mjini, juu ya bodaboda, ndani ya gunia la kahawa.

"Shikamoo babu," Otilia akampokea mlangoni pa hospitali ya ndege, glavu mkononi, macho yamemtoka.

"Marahaba. Ataruka?"

Hata kukaa alikuwa hajakaa.

Bawa la kushoto lilikuwa limevunjika, na funza wameshaingia. Vijana walimpiga mawe juu ya paa la nyumba yake, mzee akaeleza, na yeye ndiye aliyewazuia. "Wangemuua. Nikasema huyu asife. Asife kabisa."

Jamani, Otilia alitamani kumkumbatia! Wiki tisa tu tangu amalize chuo, na ndege watatu walikuwa wameshamfia mikononi: mwewe, kipanga, halafu yule furukombe wa Kihagara aliyekula samaki wa sumu akatapika damu mpaka akakata roho. Alishajiambia, akifa wa nne anafungasha, anarudi kwao. Labda mikono yake ndiyo mibaya.

Daktari Eusebius aliunga mfupa kwa pini. "Usimpende sana," akamwonya. "Nusu yao hawafiki Jumapili."

Huyu alifika. Na mzee naye akawa anakuja kila Ijumaa, na panya wawili watatu kwenye kopo. Hakumgusa bundi hata siku moja. Alikaa kwenye benchi, mbali, kofia magotini, anamtazama tu. Polepole Otilia akaja kujua kwamba mwaka huu peke yake mzee amezika watoto watatu, wa mwisho mwezi wa nne.

"Shoga, ukimwona utalia!" alimpigia Violet, waliyesoma naye. "Kazika watoto watatu, na bado ana huruma ya kulea bundi. Bundi, Violet!"

"Wewe na mzee wako mtalogwa," Violet akacheka.

"Tulogwe tu! Watu wa namna hii wamebaki wangapi?"

Kazi ikawa kwenye kuruka. Bundi mzima akiruka husikii kitu. Huyu alisikika kama shuka linalokung'utwa, na akifika katikati ya banda anadondoka kifua chini. Wiki ya tano jeraha likafunguka tena, Daktari akaanza kuitazama ile sindano ya mwisho. Otilia akamwomba siku kumi. Akamfunga upya, akamkatia panya vipande vidogo vidogo, akamrusha tena, na tena, mpaka mikono yake yote ikajaa alama za makucha.

"Akishindwa kuruka?" mzee aliuliza Ijumaa ile.

"Daktari atamlaza moja kwa moja, babu."

Mzee alishika benchi kwa mikono miwili. "Mwanangu, nakuomba. Kwa jina la Mungu, nakuomba."

Siku ya tisa Otilia alimwachia, akafumba macho, akasikiliza. Kimya. Alipofumbua, bundi yuko kwenye kijiti cha upande wa pili, anamkodolea. Otilia alipiga kelele mpaka Daktari akatoka mbio na mswaki mdomoni.

Akampigia mzee hapohapo. Utaratibu wao, akamweleza, ndege anaachiwa palepale alipookotwa. Asiwe na wasiwasi hata kidogo, atarudi mwenyewe anakokaa.

"Atapakumbuka?"

"Mbona atanyoosha tu, babu! Bundi hapotei."

Mkumbi walifika jua linazama. Ukoo mzima ulikuwa umesimama uani, wanaume tu, wametoka shamba na mapanga yao. Macho yote yalikuwa kwenye boksi. Wameguswa, maskini, Otilia akawaza. Akampa Daktari simu arekodi, akafungua boksi.

Bundi aliruka bila sauti. Akapita juu ya mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo ya mlimani, akavuka bonde, akatua kwenye paa la bati ng'ambo, ambako mama mmoja alikuwa anaanua kahawa yake.

Otilia alipiga makofi, machozi yanamtoka. Alipiga peke yake.

"Pale kwa nani?" akauliza.

"Kwa shemeji yangu," mzee akasema polepole. "Watoto watatu, mwanangu. Kumbe anayemtuma ni shemeji."

Vijana walikuwa wameshaanza kuteremka bondeni. Ng'ambo, yule mama aliwaona, akainua mkono, akawapungia.