Kona ya Tatu

Nyundo ilikuwa tayari mkononi mwangu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameamua kwamba ukuta wa mbele uvunjwe, ili wanachama waone bwawa la kuogelea tangu getini.

“Wageni hawawezi kuzungushwa kona tatu kama watu wanaotafuta choo,” alisema, na mafundi wenzangu wakacheka.

Dada msanifu aliyeichora klabu ile hakubisha. Nilikuwa nimejenga naye miezi minane, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

“Sawa, mzee,” alimjibu. “Ila kwanza tutembee kutoka getini. Usiseme kitu.”

Niliwafuata. Barabarani magari yalikuwa yakipigiana honi kama kawaida yake. Tulipokata kona ya kwanza, honi zilififia. Ya pili, tukabaki na muungurumo wa mbali. Ya tatu, mwenyekiti alisimama, akaweka kiganja ukutani, juu ya mawe niliyoyapanga mwenyewe bila kujua yana kazi gani.

“Hiyo ni sauti ya nini?” aliuliza polepole.

“Maji, mzee. Yanaingia bwawani.”

Nilimtazama dada yule. Kumbe miezi yote alikuwa akichora utulivu, mimi nikidhani tunajenga ukuta tu. Niliilaza nyundo chini taratibu, isije ikagonga sakafu.

Mwenyekiti alitoa simu, akampigia mkewe.

“Mama watoto,” alisema, “zima hiyo redio kidogo, usikilize.”

Kisha akaunyoosha mkono wenye simu kuelekea kwenye maji.