Kofia Juu ya Kiti

Siku ya kwanza ya Baraza la Taifa waliingia wafugaji, walimu, waashi na mwanamke mmoja tu, Bi Sihaba, mkunga. Vyama vilikuwa havijazaliwa, kwa hiyo kila mtu alijisemea mwenyewe.

Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na juu yake Mheshimiwa Lugome alikuwa ameweka kofia yake.

"Hapa haketi mwanamke," alisema. "Anayekubaliana nami asimame."

Bi Sihaba alizitazama nyuso za waliojaa ukumbini. Nusu yao alikuwa amewapokea kwa mikono yake mwenyewe, uchi kabisa. Kicheko kikamtoka.

"Lugome mwanangu, hata siku ile ulitanguliza miguu. Ulinihangaisha kutwa nzima!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na mimi, mama?" aliuliza mwalimu mmoja kutoka nyuma.

"Wewe ulianza kelele kabla sijakushika."

"Na mimi je?"

Mikono ikanyooshwa kila pembe. Spika akagonga meza, akagonga tena. Lugome, huku akicheka kwa aibu, aliinua kofia yake na kukipangusa kiti kwayo.

Bi Sihaba alipoketi na kutazama mbele, Spika alikuwa ameacha kugonga. Naye alikuwa amenyoosha mkono, anangoja zamu yake.